Kutulia Nako ni Somo

UKUMBI WA MALEZI



Mwezi huu tumekusudia kusema habari za watoto ambao majumbani mwetu aghalabu hutajwa kwa sauti ya chini. Ni watoto walioumbwa na akili, hisia au viungo vyenye hali ya peke yake, wasioweza kukaa mkekani kama wenzao, wala kungoja zamu, wala kuzuia kilio au mikono yao. Katika kisiwa chetu cha Bumbire, na katika visiwa na vijiji vyote vya Muleba na Bukoba, hapana mtaa usio na mtoto wa namna hii, ijapokuwa wako majirani wasiomjua kwa sababu amefichwa chumbani.

Mama mmoja ametuuliza swali lililotuhuzunisha. Mwanawe ana umri wa miaka tisa. Kila watoto wa chuo wanapoanza kusoma kwa pamoja, huziba masikio, huuma mkono wake, kisha hutoka mbio kuelekea mwaloni. Shuleni ameambiwa amngoje akue. Wajomba wanamshauri amfunge kamba mguuni asije akazama ziwani. Jirani wanasema ni jini. Yeye anauliza: Je, amtoe mtoto chuoni akae nyumbani, asiwasumbue watu wala asijisumbue?

Jawabu letu ni kwamba asimtoe. Na sababu yetu, ambayo ndiyo maudhui ya ukumbi wa leo, ni hii: kutulia nako ni somo. Watoto wengi hulipata somo hilo bila kufundishwa, kama walivyopata kutembea. Baadhi yao hawalipati mpaka wafundishwe hatua kwa hatua, kama tunavyofundisha herufi. Mwalimu anayemfukuza mtoto kwa kuwa hajui kutulia ni sawa na mwalimu anayemfukuza mtoto kwa kuwa hajui alifu.

KUTOTULIA SI UKAIDI

Fahamu, ndugu msomaji, kuwa nguvu ya mtu kujizuia, kungoja na kuyafikiri mambo kabla ya kuyatenda inategemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso. Waganga wamethibitisha kuwa sehemu hii hukomaa polepole kuliko nyingine, na haimalizi kukomaa mpaka mtu apite umri wa miaka ishirini. Ndiyo maana hata kijana mwenye afya hufanya jambo la haraka kisha akajuta. Ama mtoto mwenye usonji, au mwenye ulemavu wa akili, au mwenye mtindio wa ubongo, njia yake ni ndefu zaidi na ina vilima vingi zaidi. Si kwamba hataki kufika.

Tazama chuo chetu kilivyo. Watoto thelathini wameketi, kila mmoja anasoma pahala pake kwa sauti: huyu yuko katika hijai, yule yuko Amma, wa tatu yuko katika juzuu nyingine. Kwetu sisi hiyo ni sauti ya baraka, na masikio yetu yanajua kuchagua moja na kuziacha nyingine. Lakini watoto wengi wenye usonji hawana mlango huo wa kuchagua. Sauti zote huwaingia kwa pamoja na kwa nguvu moja, kama mtu anayepigiwa debe sikioni. Na mvua ikishuka juu ya bati, mambo huzidi. Basi mtoto anapoziba masikio na kukimbia haikimbii Kurani. Anaikimbia adha ile, kama wewe unavyoondoa mkono wako juu ya sufuria ya moto.

Wako pia watoto ambao tunadhani hawatii, na kumbe hawasikii. Mtoto mwenye uziwi wa nusu humtazama mwenziwe ili ajue alichoambiwa, nasi tukasema anacheza. Mwenye macho dhaifu hausomi ubao, nasi tukasema ni mvivu. Na wako wenye kifafa cha namna isiyoangusha: mtoto hukaza macho kwa muda wa sekunde chache, ukimwita haitiki, kisha huendelea kama kwamba hapana lililotukia. Mwalimu asiyejua humwona ana kiburi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi, kabla ya kumlaumu mtoto, ni kumpeleka kituo cha afya akapimwe masikio, macho na habari ya kifafa. Kifafa ni maradhi ya ubongo. Hayaambukizi, wala povu la mgonjwa halimdhuru anayemsaidia, na wagonjwa walio wengi hupata nafuu wakimeza dawa zao kila siku bila kukatiza. Mzazi anayemsomea mwanawe Kurani amefanya jema, na asiache dawa, kwani mambo mawili haya hayapingani. Nasi watu wa visiwani tunayo sababu kubwa zaidi ya kulichunga jambo hili. Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake kando ya maji, wala asitumwe kuteka maji ziwani bila mwenziwe, maana dakika mbili za kuanguka majini hazina dawa.

Na ile kamba ya mguuni, tunawaomba wajomba waitupe. Mtoto anayekimbilia mwaloni huzuiwa kwa mlango uliofungwa vyema, kwa jirani walioarifiwa wamrudishe kwa upole, na zaidi kwa kujua ni kitu gani kinachomkimbiza.

MFANO TULIO NAO

Hatuhitaji kutoka nje ya nyumba yetu kutafuta heshima ya watu hawa. Kila mwanachuo aliyefika Amma ameisoma Sura ya Abasa, nayo ilishuka kwa ajili ya kipofu, Abdallah bin Umm Maktum, aliyekuja kutaka elimu wakati wakubwa wa Kikureshi wanazungumzwa. Mwenyezi Mungu alifundisha kuwa aliyekuja kwa hamu ya kujitakasa hageuziwi uso. Kipofu yule baadaye akawa mwadhini pamoja na Bilal, na Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda safari alimwacha mara kadha awe naibu wake Madina. Hakupewa sadaka na kuambiwa akae kando. Alipewa kazi.

Kadhalika imepokewa kuwa Mtume alikuwa akiingia katika Sala na nia ya kuirefusha, kisha husikia kilio cha mtoto akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Zingatia hapo: ibada iliyo kubwa kuliko zote ilipunguzwa urefu kwa ajili ya kilio. Je, sisi hatuwezi kulipunguza somo la harufi kumi likawa la harufi tatu?

KABLA YA ALIFU

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mambo tutakayoyataja hayahitaji fedha, na mwalimu wa chuo, mwalimu wa shule na mzazi wote wanaweza kuyafanya.

La kwanza ni mpango unaoonekana. Mtoto wa namna hii huogopa asilolijua. Humwambii "tulia" akatulia, maana hajui atulie mpaka lini na baada yake kuna nini. Basi mchoree ubaoni mambo ya siku ile kwa taratibu yake: kata ya maji kwa udhu, mkeka kwa kukaa, harufi moja kwa somo, mpira kwa mapumziko, na mlango kwa kwenda nyumbani. Kila jambo likiisha, yeye mwenyewe na alifute kwa mkono wake. Utaona jinsi moyo wake unavyopoa anapouona mlango ubaoni, akajua kuwa kurudi nyumbani kupo na kunakuja. Udhu wenyewe ni mwalimu mzuri katika jambo hili, kwa kuwa una mwanzo na mwisho, viungo vyake vina taratibu isiyobadilika, na maji ya baridi usoni na mikononi huituliza damu.

La pili ni mahali. Mtoto huyu asiwekwe katikati ya safu wala karibu na mlango watu wanapopita. Na akae kando ya ukuta, karibu na mwalimu. Tena pawe na pembe moja tulivu, nyuma ya pazia au chini ya mti, yenye kipande cha mkeka. Anapozidiwa na aende huko. Lakini angalieni sana: pembe hiyo si gereza. Siku mtakapompeleka kwa kumkokota na kumwaibisha, itakuwa imeharibika, na hatakwenda tena kwa hiari yake.

La tatu ni alama ya kuomba ruhusa. Watoto wengi huuma na kupiga kwa sababu hawana neno la kusema "nimechoka." Mpe kijiwe laini au kipande cha kitambaa, umfundishe, wakati akiwa ametulia, kukitia mkononi mwa mwalimu kila anapohisi kuzidiwa. Anapokutia kijiwe mkononi, mruhusu mara moja, hata kama unaona hana haja. Aende pembeni kwa muda wa kusoma Alhamdu mara tano, kisha arudi. Siku za kwanza atakitumia mara nyingi, nawe utasema anakuchezea. Subiri. Anajifunza kuwa kuomba kunafaa kuliko kuuma, na hakuna elimu ya adabu iliyo kubwa kuliko hiyo.

La nne ni kazi ya mwili. Yuko mtoto ambaye hawezi kukaa mpaka mwili wake uwe umefanya kazi nzito kidogo. Huyu mtume kabla ya somo abebe ndoo ndogo ya maji ya udhu, akunje mikeka, apange marehali, asukume benchi. Akirudi atakaa. Na baada ya kila sehemu ya somo mpe tena kazi ndogo. Hapo utakuwa umempa heshima mbili, ya kutulia na ya kuwa mtu wa manufaa mbele ya wenziwe.

La tano ni pumzi. Mfundishe kama mchezo: anusishe kikombe cha uji wa moto, kisha aupulize polepole upoe. Kunusa kuwe kufupi na kupuliza kuwe kurefu. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo, na hilo ni jambo la mwili linalofanya kazi kwa mkubwa na mdogo. Lakini mchezo huu ufundishwe asubuhi wakati wa furaha, mara nyingi, ili siku ya ghadhabu uwe tayari umekwisha kuzoeleka. Hakuna mtu anayejifunza kuogelea wakati anazama.

La sita ni kulikata somo. Dakika tano za kweli ni bora kuliko saa nzima ya mapambano. Fundisha harufi moja, nayo aijue kwa mkono na kwa macho pamoja na ulimi: aiandike mchangani kwa kidole, tena mchanga wa ufukweni tunao mwingi. Daktari Maria Montessori wa Italia, ambaye jina lake limeenea duniani katika habari za kufundisha watoto, alianza kazi yake kwa watoto wa Roma waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Aliwapa herufi za kugusa na kufuatisha kwa vidole, akawafundisha kazi ndogo za mikono zenye taratibu, nao wakajua kusoma na kuandika. Mwaka 1907 akafungua nyumba ya kufundishia watoto wengine, akatumia njia zile zile. Kwa hiyo elimu iliyoanza kwa watoto waliodharauliwa ikaja kuwafaa wote. Nasi tusisahau kuwa wazee wetu waliotufundisha kwa ubao wa mti na wino wa masizi walijua siri hii: mkono unapoandika, moyo unashika.

La saba ni sifa ya kweli. Usiseme tu "vyema." Taja ulichokiona: "Umengoja zamu yako," "Umekasirika lakini hukupiga." Mtoto huyu amezoea kusikia jina lake likitajwa kwa makosa. Anapolisikia likitajwa kwa jambo jema analolijua, hutaka kulirudia.

Na ghadhabu ikishapanda, mtoto analia, anajipiga au anatupa vitu, hapo si wakati wa kufundisha wala kuhoji. Ondoa vitu vyenye kudhuru, waondoe watazamaji, punguza maneno yako, teremsha sauti yako, nawe ukae chini karibu naye kwa salama. Dhoruba ya ziwani haizimwi kwa kupigiwa kelele. Mvuvi hungoja ipite, huku akichunga chombo kisipinduke. Ikipita, mpe maji, mwache apumzike, kisha urudi kwenye ubao ule ule na taratibu ile ile.

MWEZI NA NYAVU

Tunamnasihi kila mwalimu na mzazi awe na daftari ndogo, aandike kwa muda wa mwezi mmoja mambo matatu tu: lililotangulia kabla ya ghadhabu, ghadhabu yenyewe ilivyokuwa, na lililofuata. Usiandike "amekuwa mbaya leo." Andika "mvua ilianza kupiga bati," au "mkeka wake ulikaliwa na mwingine," au "hakula asubuhi." Baada ya siku thelathini daftari itakuambia mambo ambayo macho yako hayakuyaona.

Huku kwetu daftari kama hiyo aghalabu huonyesha jambo moja ambalo vitabu vya mijini havilitaji. Visiwa vyetu vinaishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi unapokuwa mkubwa, taa hazifui dafu, nyavu hutundikwa, na baba hukaa nyumbani siku kadha. Maana yake ni kuwa katika kila mwezi mmoja nyumba ya mvuvi ina desturi mbili zilizo mbali kama mchana na usiku. Siku za giza baba hayupo usiku, na mchana amelala na watu wanaambiwa wanyamaze. Siku za mbalamwezi baba yupo, wageni wapo, redio inalia, na saa za kula zimebadilika. Mtoto wa kawaida hulizoea jambo hilo. Mtoto mwenye kuitegemea taratibu, kwake nyumba imepinduliwa bila ya kuambiwa, naye hulia chuoni kwa jambo lililotukia nyumbani.

Lakini tazameni rehema iliyomo humo. Sisi Waislamu tunahesabu miezi yetu kwa mwezi huo huo. Tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wetu ndizo siku nyeupe, na ndizo siku zile zile nyavu zinapotundikwa. Mwisho wa mwezi na mwanzo wake ndizo siku za giza. Basi mama na atwae kokoto thelathini na makopo mawili. Kila jioni baada ya Magharibi, yeye na mtoto wahamishe kokoto moja kutoka kopo hili kwenda lile. Ukutani wachore kwa mkaa duara jeusi lenye mtumbwi, na kando yake duara tupu lenye nyumba. Kila siku mtoto aonyeshwe: leo tuko hapa, baba yuko ziwani, zikipita kokoto kadha, baba atakuwa nyumbani. Kwa njia hiyo atajifunza hesabu, atajifunza tarehe za dini yake, na juu ya yote atajua kuwa kubadilika kwa nyumba yake kuna mpango wake. Na kwa kuwa pepo za ziwa hazina ahadi, mchoreeni pia alama moja nyekundu iwe maana yake "leo kuna badiliko." Badiliko likiwa na alama yake, huwa jepesi kupokewa kuliko lile linalokuja kama mwizi.

BAKORA NA NAFSI YA MWALIMU

Huenda mzee mmoja akasema: "Sisi tulichapwa bakora, na ndiyo iliyotufikisha kwenye khitima." Twamjibu kwa adabu kuwa bakora ilimfikisha mtoto aliyekuwa anaweza kutulia asitake. Ama yule asiyeweza, bakora humwongezea hofu, na hofu ndiyo inayofunga mlango wa fahamu. Utamchapa kipofu mpaka lini ndipo aone? Tena tunajua kuwa kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abalighi, na kwa asiye na akili timamu mpaka apate akili. Mola wake hakumwandikia dhambi, wewe unamwandikia kiboko! Na sheria ya nchi nayo haikunyamaza: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili kwa mtoto, na inataka mtoto mwenye ulemavu asitendewe kwa kudhalilishwa.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Mtoto hajifunzi kutulia kwa maneno, bali hukopa utulivu wa mtu mkubwa aliye karibu naye mpaka apate wake. Mwalimu anayepiga kelele "Tulia!" huku mishipa ya shingo imemsimama amefundisha kelele. Sisi tumefundishwa kuwa mwenye kughadhibika akiwa amesimama na aketi, na ghadhabu isipomtoka na alale, na kwamba mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Mafundisho hayo tumewahubiria watu miaka mingi. Mtoto huyu ndiye mtihani wake. Kabla hujamfundisha kunusa na kuupuliza uji, upulize wako.

Na atakayesema, "Wengine watachelewa kwa ajili ya mmoja," naye ana jawabu. Ubao wenye taratibu, sauti ya chini, somo fupi na sifa ya kweli huwafaa watoto wote, na chuo kilichopangwa kwa ajili ya mtoto mmoja dhaifu huwa chepesi kwa kila mmoja.

SHULE NA HAKI

Mzazi asidhani kuwa elimu ya mtoto huyu ni hisani. Nchini kwetu kazi hii si ya jana: shule ya watoto wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Hapa Bukoba tunazo shule za Mugeza, ya mseto inayopokea watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine, na ya viziwi. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa katika Chuo cha Patandi, Arusha. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma sawa na wenziwe, tena katika shule ya kawaida, isipokuwa pale hali yake inapotaka mafundisho ya namna ya peke yake.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa "mngoje akue" asirudi nyumbani na huzuni yake tu. Na aende kwa Afisa Elimu wa Kata, na kutoka hapo kwa afisa wa elimu maalumu wa Halmashauri, achukue daftari yake ya mwezi mzima na cheti cha kituo cha afya, aombe mtoto apimwe na apewe nafasi inayomfaa. Safari ya mtumbwi kwenda ng'ambo ni ya gharama na taabu, tunajua. Lakini miaka ya utoto haingoji bahari kuwa shwari. Mtoto aliyeanza kufundishwa na miaka sita si sawa na aliyeanza na kumi na sita, akiwa ametimia mwili na hakuna awezaye kumzuia.

Wala hatuwaahidi wazazi tusilolijua. Si kila mtoto wa namna hii atakayekhitimu, na si kila mmoja atakayeandika barua. Kipimo chake si mtoto wa jirani, bali ni yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Ikiwa mwezi uliopita alikaa mkekani kwa muda wa aya mbili, na mwezi huu amekaa kwa muda wa aya sita. Ikiwa alikuwa akiuma, na sasa anatoa kijiwe, huyo amesoma, na malaika wameandika.

NENO KWA VIJANA

Enyi vijana mnaosoma ukurasa huu, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto huyu humwogopa mwalimu, na mzazi wake amechoka, lakini ninyi mko karibu naye kwa umri. Kila chuo na kichague kijana mmoja mwenye subira awe mwenzi wake wa mkeka: aketi kando yake, amwonyeshe mahali walipofika, amshike mkono wakati wa kutoka ili asielekee majini. Msimcheke anapolia, wala msimwite kwa ulemavu wake. Ana jina, alipewa siku ya akika kama ninyi. Na anapoweza jambo alilokuwa haliwezi, mwambieni.

Nanyi jirani, acheni kuuliza ni jini gani. Ulizeni mama yake amelala saa ngapi usiku, kisha mwambieni aje akuachieni mtoto kwa saa moja apumzike. Saa hiyo moja ni sadaka kubwa kuliko ushauri mwingi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazazi hawa nguvu, awape walimu wetu upole, na atujaalie tuwe miongoni mwa wasiomgeuzia uso aliyekuja kutaka elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.